Uso Unaosubiri Nyaya

Uzuri wa paneli ya sinthesaiza hauonekani ikiwa tupu. Ikilala mezani kabla ya kufungwa popote, karibu kila paneli inapendeza: alumini inang'aa, herufi zimenyooka, matundu yamejipanga kama wanafunzi kwenye paredi. Ngoja zichomekwe nyaya kumi na tano. Ngoja taa za ukumbini zizimwe, mkono wa mpigaji uanze kutafuta nobu moja ndani ya msitu wa nyaya za rangi zote huku muziki umekwisha kuanza. Hapo ndipo utajua kama aliyeichora alikuwa akimfikiria mtu au akiifikiria picha.

Natengeneza moduli zangu nyumbani, juu ya meza ileile ninayolia chakula, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo ninavyozidi kutumia muda mchache kwenye sakiti na mwingi kwenye uso. Sakiti nyingi za zamani zinajulikana. Michoro yake ipo, na mtu mwenye subira na chuma cha kulehemu atafika. Uso hauna mchoro wa kunakili. Ukishabadili nafasi ya nobu moja umebadili namna ala inavyopigwa.

Kwa asiyeijua, sinthesaiza ya moduli si kinanda. Ni sanduku lenye vipande vingi vinavyojitegemea, kila kimoja na kazi yake: hiki kinatoa mawimbi ya sauti, kile kinayachuja, kingine kinapandisha na kushusha ukubwa wa sauti, kingine kinapiga mapigo kama saa ya ukutani. Kwa nyuma kwa kawaida havishirikiani kitu ila umeme wa kuviwasha. Karibu ushirika wao wote unafanyika mbele, kwa nyaya fupi ambazo mpigaji anazichomeka na kuzichomoa apendavyo. Kwa hiyo ile paneli ya mbele si kifuniko. Ndipo mahali pekee ambapo mtu na mashine vinakutana.

Vipimo vya paneli hizi havikutoka kwa wanamuziki. Katikati ya miaka ya 1990 Mjerumani Dieter Doepfer, ambaye karakana yake iko karibu na mji wa Munich, alitoa mfumo wake wa A-100, na badala ya kubuni sanduku jipya akaazima vipimo vya fremu za vifaa vya maabara na viwandani. Urefu wa paneli ni milimita 128.5. Upana unahesabiwa kwa kipimo kiitwacho HP, ambacho ni sehemu ya tano ya inchi, yaani milimita 5.08. Bati la alumini lina unene wa milimita 2, na skrubu za M3 zinashika juu na chini, milimita 3 kutoka ukingoni. Tangu hapo watengenezaji wa nchi nyingi wamefuata vipimo hivyo, wakubwa kwa wadogo, na moduli iliyotengenezwa jikoni inaweza kukaa bega kwa bega na iliyotoka kiwandani.

Bega kwa bega, lakini si kwa kubanana. Paneli ya HP 8 kwa hesabu ya kawaida ingekuwa na upana wa milimita 40.64. Jedwali la Doepfer linasema 40.3. Mimi nilipokata paneli yangu ya kwanza niliamini hesabu, sikulitazama jedwali. Nikakata 40.64 kamili, nikaisugua, nikaipaka rangi, nikaiandika, nikaikausha siku mbili. Ilipofika wakati wa kuifunga, ikakataa kuingia kati ya jirani zake. Nilishika tupa nikakwangua ukingo wa kulia usiku mzima, rangi ikibanduka vipande vipande. Ile theluthi moja ya milimita ni nafasi inayoachwa kwa ajili ya jirani, na ni watu wa vipimo waliofikiria hilo mapema kuliko mimi. Kwa sababu hiyohiyo matundu ya skrubu katika paneli nyingi hayawi duara. Yanarefushwa kidogo kama yai, ili reli ikiwa haikunyooka sawasawa skrubu ipate pa kusogea.

Kuna watu watatu waliomtangulia Doepfer ambao narudi kuzitazama nyuso zao kila ninapoanza kazi mpya.

Wa kwanza ni Robert Moog, aliyeanza kuunda moduli zake mwaka 1964 pamoja na mtunzi Herbert Deutsch, katika jimbo la New York. Paneli zake ni nyeusi, herufi nyeupe, nobu kubwa, matundu mapana ya robo inchi. Jambo ninalolihusudu ni dogo. Swichi ya kuchagua ukanda wa sauti kwenye osileta zake, zile moduli zinazotoa mawimbi, imeandikwa 32, 16, 8, 4, 2. Hizo ni futi, urefu wa mabomba ya ogani ya kanisani: bomba refu sauti nzito, bomba fupi sauti nyembamba. Ndani ya sinthesaiza hakuna bomba hata moja. Lakini mpiga ogani aliyekutana na mashine hiyo ngeni kwa mara ya kwanza alikuta pale namba alizozizoea tangu ujana wake, na mkono wake ukajua pa kuanzia.

Wa pili ni Don Buchla, wa California, aliyefanya kazi na wanamuziki wa San Francisco Tape Music Center, akiwamo Morton Subotnick. Buchla aliona kwamba kuna nyaya zinazobeba sauti na kuna nyaya zinazobeba amri, ile volti inayoiambia moduli nyingine ipande au ishuke, na hakutaka mkono uzichanganye. Akazipa plagi tofauti: sauti ikapita kwenye matundu madogo ya jeki, amri ikapita kwenye plagi za ndizi. Hata gizani huwezi kukosea, maana kimoja hakiingii kwa mwenzake. Na alikuwa na ujasiri wa kuyapa mambo majina. Moduli inayotoa volti za kubahatisha aliiita Source of Uncertainty, yaani chemchemi ya mambo yasiyotabirika. Mhandisi mwingine angeandika tu kwamba ni ya kelele. Jina lile linamwandaa mpigaji kabla hajagusa kitu.

Wa tatu ndiye nimpendaye zaidi. Serge Tcherepnin, mtoto wa mtunzi Mrusi na mpiga piano Mchina, alikuwa akifundisha CalArts, chuo cha sanaa cha California, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sinthesaiza za wakati huo zilikuwa ghali mno kwa wanafunzi. Akaanza kuziunda pamoja nao, kwa mikono, na paneli za awali zilikuwa na uso wa karatasi: mchoro umechapwa kwenye karatasi, karatasi imebandikwa juu ya bati, matundu yametobolewa juu yake. Wapenzi wa ala hizo mpaka leo wanazitaja kwa jina hilo la uso wa karatasi. Badala ya kujaza maneno, michoro yake ilitumia maumbo kuonyesha tundu hili ni la aina gani, na baadaye rangi za matundu yenyewe zikasema: nyeusi kwa sauti, buluu kwa volti za kuongoza, nyekundu kwa mapigo. Mtu akikuambia paneli ya karatasi ni ya kujikimu tu, mkumbushe hizo. Karatasi iliwaruhusu kuchora upya kila walipogundua kitu kipya, na mchoraji anayeweza kubadili mawazo bila kuingia gharama huchora vizuri zaidi.

Nami naanza na karatasi. Nachapa mchoro kwa ukubwa wake halisi, naubandika kwenye manila, natoboa kwa ncha ya mkasi, nachomeka nobu na matundu yenyewe, kisha nachomeka nyaya. Nyaya ni lazima. Bila nyaya sijaona kitu.

Nyaya ndizo zilizonifundisha kwamba jina la tundu linakaa juu yake, si chini. Waya ukichomekwa unaning'inia. Chochote kilichoandikwa chini kinafunikwa. Paneli zangu mbili za mwanzo zina majina chini, na kila ninapozitumia nainua nyaya kwa kidole kimoja ili nisome, kama mtu anayefunua pazia. Nyaya hizohizo ndizo zinazofanya wengi wetu tuweke nobu juu na matundu chini, ili waya usipite mbele ya kitu kinachotakiwa kuzungushwa. Mpango huo una hasara yake: tundu linakaa mbali na nobu yake, na macho hayajui nani ni wa nani. Hapo ndipo mstari mmoja mwembamba unapofanya kazi kubwa. Mstari uliotoka kwenye tundu ukaishia kwenye nobu unaeleza bila neno kwamba nobu hii inapunguza kile kinachoingia pale. Matundu ya kutolea nayo huzungushiwa kisanduku kilichojazwa rangi, herufi zikaachwa nyeupe ndani yake. Watengenezaji wengi wanafanya hivyo ingawa hakuna aliyewalazimisha.

Halafu kuna vidole. Kidole changu cha shahada kina upana wa karibu milimita 16. Nobu mbili zilizokaribiana kiasi kwamba kidole hakipiti katikati yake zitasukumana: unazungusha hii, ile nayo inasogea, na sauti uliyoitafuta nusu saa imepotea. Kwa matundu, milimita 12 kutoka kitovu hadi kitovu zinatosha kuchomeka, lakini kuchomoa waya mmoja uliozungukwa na wenzake kunataka zaidi. Paneli ya HP 8 inaweza kubeba matundu matatu kwa safu. Mimi naweka mawili kila inapowezekana, na ile nafasi iliyobaki naiacha wazi, ingawa mkono wa mchoraji kila mara unawasha kutaka kuijaza. Juu na chini, karibu sentimita moja kila upande, si zako kabisa: nyuma yake zimekaa reli, na kitu chochote chenye mwili hakiwezi kupita hapo. Jina la moduli hukaa juu kwa sababu hiyo. Herufi hazina mwili.

Nobu yenyewe haizunguki duara zima. Potenshiomita ndogo tunazotumia chini ya nobu zinazunguka nyuzi 300, na nyuzi 60 za chini hazina kitu. Mafundi wa nchi nyingine huzieleza nafasi zake kwa uso wa saa, nami nimegundua kwamba kwa saa yetu ya Kiswahili mambo yanakuwa mazuri zaidi. Nobu inaanza pale mshale mfupi unapokaa saa moja asubuhi, inapanda mpaka saa sita mchana, kisha inateremka na kukoma saa kumi na moja jioni. Ni siku nzima ya kazi. Tangu nilipoliona hilo nachora alama za kuzunguka nobu nikifikiria jua. Kwa nobu inayotoka hasi kwenda chanya, sifuri ni saa sita mchana, na hapo natia alama ndefu kuliko zote ili kidole kikirudi kijue kimefika.

Maneno ndiyo yaliyonichukua muda mrefu kuliko yote. Mwanzoni niliandika Kiingereza kama kila mtu, vifupisho vya herufi tatu tatu, mpaka siku nilipokuwa natengeneza ile moduli inayoipa sauti umbo lake. Ina nobu nne. Ya kwanza inaamua sauti ichukue muda gani kufika kileleni, ya pili ichukue muda gani kuteremka kidogo, ya tatu ibaki kwenye kimo gani wakati kidole bado kimeshikilia, ya nne ichukue muda gani kufifia kidole kikiachia. Nikajaribu nomino, zote ndefu, zote za kitaaluma, hazienei kwenye milimita 40. Nikaacha nomino nikajaribu vitenzi. PANDA. SHUKA. KAA. ACHIA. Maneno manne, refu kuliko yote lina herufi tano, na yote ni amri unazopewa umeme. Nilikaa nikiyatazama kwenye manila. Kitenzi chetu cha amri kinabaki mzizi na irabu yake tu, na ufupi huo ndio anaoutafuta mchora paneli. Baada ya hapo mengine yakaja: INGIA na TOKA kwa matundu, KATA kwa kichujio, KASI kwa kinachopiga mapigo. Kwa ile tabia ya kichujio kuimba chenyewe kikisukumwa mpaka mwisho niliandika MVUMO, na bado sijaridhika nalo.

Paneli ikishakubalika kwenye manila ndipo chuma kinaguswa. Mabaki ya alumini nayapata kwa mafundi wa madirisha. Kabla ya keekee kuwashwa, kila kitovu kinapigwa kwa senta panchi, nyundo moja tu, kisha kinakaguliwa kwa jicho na rula, maana ncha ya biti hufuata shimo dogo lililo mbele yake hata kama shimo hilo limekosea. Natangulia na biti nyembamba, halafu biti ya ngazi, ile yenye umbo la koni, kwa kuwa biti ya kawaida kwenye bati jembamba hutoa tundu lenye pembe tatu badala ya duara. Tone la mafuta ya taa huzuia alumini kung'ang'ania biti. Kingo za matundu nazilainisha kwa biti kubwa zaidi nikiizungusha kwa vidole, bila mashine, mizunguko miwili au mitatu. Kisha msasa, kwa mwelekeo mmoja tu, kutoka juu kwenda chini, mpaka mikwaruzo yote iwe mistari inayofuatana.

Maandishi yana njia nyingi. Ninayoipenda kwa kazi ya nyumbani ni wino wa printa ya leza: mchoro unachapwa ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo, juu ya karatasi laini ya gazeti la picha, unalazwa kifudifudi kwenye alumini iliyosafishwa, unapigwa pasi ileile ya nguo. Karatasi inaloweshwa na kusuguliwa taratibu kwa kidole gumba mpaka inyonyoke, wino unabaki. Mara nyingi herufi moja inakatika, na unarudia paneli nzima. Juu yake inapulizwa vanishi, tabaka jembamba baada ya tabaka jembamba.

Njia nyingine, inayotumiwa na watengenezaji wadogo wengi siku hizi, ni kuagiza paneli kama bodi ya sakiti isiyo na sakiti. Ni wazo zuri sana. Bodi ya kawaida ni fiba ya kioo yenye unene wa milimita 1.6, imefunikwa shaba, juu ya shaba rangi ya kukinga, juu ya rangi wino wa maandishi. Kiwanda kinakutobolea matundu kwa usahihi ambao mkono haufikii. Mchoraji anayejua kazi anazigeuza tabaka hizo kuwa rangi zake. Akiacha shaba chini ya rangi anapata mng'ao mzito. Akiiondoa anapata kivuli. Akiifungua shaba na kuiagizia dhahabu anapata mistari ya dhahabu halisi. Na akiondoa kila kitu, shaba na rangi, mbele na nyuma, inabaki fiba tupu, na fiba tupu inapitisha mwanga. Taa ya LED ikiwekwa nyuma yake haionekani kama nukta kali inayochoma macho. Paneli yenyewe inawaka, mwanga laini kama wa kandili nyuma ya kitambaa, katika umbo lolote ulilochora. Mara ya kwanza nilipoiwasha niliizima na kuiwasha tena mara nyingi.

Jaribio langu la mwisho halina vifaa. Naita mtu asiyejua kitu kuhusu ala hizi, namketisha mbele ya manila, sisemi neno. Mwezi uliopita alikuwa shemeji yangu, aliyekuja kutusalimia.

"Shemeji, unafikiri sauti inatokea wapi hapa?"

Alitazama kwa muda, akaweka kidole. Tundu la kuingilia.

"Kwa nini hapo?"

"Si ndipo penye nafasi. Nimeona kama panangoja kitu."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeliacha tundu la kuingilia peke yake kwenye kona ya chini kulia, na tundu la kutolea nimelibana kati ya mengine mawili. Nikafuta. Alipokuwa akinywa chai nilihamisha TOKA kwenye kona ile, nikapandisha INGIA kushoto, na kwa kuwa INGIA imepanda ikabidi nobu ya KATA isogee milimita 2 juu, na ikishasogea mstari uliokuwa ukiiunganisha na tundu lake ukawa mrefu mno, nikaupinda. Nikatoboa manila nyingine, nikachomeka nyaya upya. Shemeji aliona nahangaika, akauliza kama kazi imeharibika. Nikamwambia hapana, akazungushe ile nobu ya katikati bila kuangalia. Aligeuzia uso dirishani, akanyoosha mkono kati ya nyaya, na vidole vyake vikaishika mara ya kwanza.